Trump aliomba, akaambulia kura 6: Hivi ndivyo chama kidogo cha Libertarian Marekani kinavyompata mgombea urais

Jumamosi ya Mei 25, 2024, Donald Trump alipanda jukwaani katika hoteli ya Washington Hilton mjini Washington, mbele ya watu ambao hawakuwa wake. Ulikuwa mkutano mkuu wa Chama cha Libertarian. Aliwaomba wampitishe awe mgombea wao, au basi wampigie kura Novemba ikifika.

Alizomewa. Akawarudishia kwa kejeli: kama hawataki kushinda, waendelee tu kupata asilimia 3 zao kila baada ya miaka minne.

Kesho yake wajumbe walipiga kura. Katika raundi ya kwanza zilipigwa kura zaidi ya 900. Trump aliambulia 6.

Mtu aliyekuwa Rais, na ambaye miezi michache baadaye alishinda tena urais, alibwagwa raundi ya kwanza na chama ambacho Watanzania na Wakenya wengi hata hawajawahi kukisikia. Iliwezekanaje? Jibu liko kwenye utaratibu wao wa kumpata mgombea, ambao haufanani na ule wa vyama vikubwa vya Marekani hata kidogo.

Ni chama gani hiki?

Kilianzishwa Desemba 1971 huko Colorado. Msimamo wao kwa kifupi: serikali ipunguze mkono wake. Kodi ziwe kidogo, vita vya nje visitishwe, mtu asifungwe kwa kutumia dawa za kulevya, na bunduki yake iachwe. Ndiyo maana kuna mambo wanakubaliana na Republican na mengine wanakubaliana na Democrat, na pande zote mbili huwalaumu kwa "kugawa kura".

Hawajawahi kushinda urais, wala kuukaribia. Mwaka 1972 mgombea wao wa kwanza, profesa wa falsafa John Hospers, alikuwa kwenye karatasi za kura za majimbo mawili tu, akapata kura zisizofika 4,000 nchi nzima. Hata hivyo alipata kura moja ya wale wajumbe maalumu wanaomchagua Rais, baada ya mjumbe mmoja wa Republican kutoka Virginia, Roger MacBride, kumgeuka Richard Nixon. Kwa kura hiyohiyo, mgombea mwenza Tonie Nathan akawa mwanamke wa kwanza katika historia ya Marekani kupata kura ya mjumbe maalumu. Miaka minne baadaye MacBride ndiye akawa mgombea urais wa Libertarian. Fadhila zililipwa haraka!

Rekodi yao bora ni ya 2016: Gary Johnson, gavana wa zamani wa New Mexico, alipata kura karibu milioni 4.5, sawa na asilimia 3.3 hivi. Hizo ndizo "asilimia 3" ambazo Trump aliwatania nazo.

Kura za maoni zipo, lakini hazimfungi mtu

Kwa Democrat na Republican, mgombea hupatikana kupitia kura za maoni (Wakenya wataita mchujo) zinazopigwa jimbo kwa jimbo kuanzia mwanzoni mwa mwaka wa uchaguzi. Wajumbe wanaopatikana huko wengi wanafungwa na matokeo. Mkutano mkuu ukifika, kazi imeshaisha. Inabaki sherehe, hotuba na maputo.

Libertarian wao wana kura za maoni katika baadhi ya majimbo, lakini matokeo yake ni kama salamu. Mjumbe hafungwi nayo. Mwaka 2020 wakili Jacob Hornberger alishinda kura nyingi za maoni kuliko mwenzake yeyote. Ulipofika mkutano mkuu, ambao mwaka huo ulifanyika mtandaoni kwa sababu ya korona, wajumbe wakampa Jo Jorgensen, mhadhiri wa chuo kikuu cha Clemson, katika raundi ya nne.

Kwa hiyo mwenye kura hasa ni mjumbe. Wako takriban 1,000. Kila jimbo hupewa idadi yake kwa kuangalia mambo mawili: lina wanachama wangapi wanaolipa ada, na lilimpa mgombea urais wa chama kura ngapi uchaguzi uliopita. Jimbo lililofanya kazi linaongezewa wajumbe, lililolala linapunguziwa.

Wajumbe hawa huchaguliwa na vyama vyao vya majimbo. Wengi hujilipia nauli, hoteli na chakula. Hakuna basi la chama, hakuna posho ya kikao. Nadhani hili lina uzito kuliko kanuni nyingi zilizoandikwa: mtu aliyetoa pesa yake mfukoni kusafiri siku nzima hataki kufika ukumbini akaambiwa jina limeshapita.

Mgombea naye anakusanya tokeni

Masharti ya kugombea si mengi. Uwe unakidhi sifa za urais za Katiba ya Marekani, uwe mwanachama anayelipa ada ya chama, na uwe umekubali kugombea. Huwezi kupendekezwa kwa nguvu.

Kisha kuna tokeni. Kila mjumbe akifika anapewa, naye humpa mgombea anayetaka kumsikia. Asiyepata za kutosha haingii kwenye mdahalo wa mwisho, hata awe maarufu vipi. Ndiyo maana siku za kwanza za mkutano utawaona watu wanaotaka kuwa Rais wa Marekani wakizunguka kwenye korido za hoteli, wakisalimiana na mjumbe mmojammoja na kuomba tokeni yake.

Na mdahalo huo si wa maonyesho. Mwaka 2004 mjini Atlanta, wawili waliotajwa zaidi walikuwa mtayarishaji wa filamu wa Hollywood Aaron Russo na mtangazaji wa redio Gary Nolan. Wa tatu, Michael Badnarik, alikuwa mtaalamu wa kompyuta kutoka Texas aliyekuwa akizunguka kufundisha Katiba, na hakuwa na fedha. Kwenye mdahalo akawazidi wenzake. Raundi ya kwanza ikawa hivi: Russo 258, Badnarik 256, Nolan 246. Nolan alipotoka akamuunga mkono Badnarik, na raundi ya tatu mchezo ukaisha. Aliyeingia ukumbini bila kutegemewa akatoka akiwa mgombea urais.

Raundi juu ya raundi

Mshindi lazima apate zaidi ya nusu ya kura. Isipotokea, wa mwisho anaondolewa pamoja na wote waliopata chini ya asilimia 5, halafu wanarudia. Mwenyekiti wa kila jimbo anasimama kwenye kipaza sauti na kusoma kura za watu wake hadharani: fulani ngapi, fulani ngapi.

Kati ya raundi na raundi ndipo siasa inapofanyika. Aliyetolewa ana wajumbe wake, na waliobaki wanawataka. Mwaka 2008 mjini Denver, Bob Barr, mbunge wa zamani wa Republican, alihitaji raundi sita kumshinda Mary Ruwart, mwanachama wa siku nyingi aliyependwa na wakereketwa. Kilichomvusha ni Wayne Allyn Root, aliyekuwa wa tatu, kumpa mkono. Root akawa mgombea mwenza. Kila mtu ukumbini alielewa kilichotokea.

Sasa kuna jambo ambalo kwetu halipo. Katika kila raundi, pamoja na majina ya wagombea, kuna chaguo linaloitwa "Hakuna kati ya hawa". Haliondolewi hata likiwa la mwisho. Linabaki hadi dakika ya mwisho, na likishinda, chama hakina mgombea.

Vyama vya hapa kwetu vikibaki na jina moja, tunapiga kura ya ndiyo au hapana, na sote tunajua hapana huwa inapata ngapi. Kwa Libertarian, "hapana" ina wapiga debe wake kabisa.

Usiku wa raundi saba

Turudi Washington Hilton, Jumapili ya Mei 26, 2024.

Chama kilikuwa kimegawanyika. Tangu mkutano wa Reno mwaka 2022, uongozi ulikuwa mikononi mwa kundi la ndani liitwalo Mises Caucus, lenye mrengo wa kulia zaidi. Mwenyekiti, Angela McArdle, ndiye aliyewaalika Trump na Robert F. Kennedy Jr., aliyekuwa mgombea binafsi, waje kuhutubia. Kundi hilo lilimtaka Michael Rectenwald, profesa wa zamani wa chuo kikuu cha New York. Upande wa pili ulikuwa na Chase Oliver kutoka Georgia, kijana wa miaka 38, shoga aliyejitangaza, aliyeingia siasa kupitia harakati za kupinga vita. Mwaka 2022 aligombea useneta Georgia akapata takriban asilimia 2, na kura hizo zilitosha kuwalazimisha Raphael Warnock na Herschel Walker kurudia uchaguzi.

Kabla ya kura, McArdle alitangaza kuwa Trump hana sifa kwa sababu hakuwasilisha fomu. Wajumbe 6 wakaandika jina lake hivyohivyo. Trump naye baadaye alisema hangeweza kuukubali uteuzi huo kwa kuwa alikuwa tayari mgombea mtarajiwa wa Republican. Kennedy yeye alipendekezwa rasmi siku ileile. Alipata kura 19, akatoka raundi ya kwanza.

Rectenwald aliongoza raundi ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano. Katika raundi ya tano akatoka Mike ter Maat, mchumi aliyewahi kuwa polisi, na akawaambia wajumbe wake waende kwa Oliver. Raundi ya sita Oliver akapita mbele, lakini akakwama kwenye asilimia 49 na ushee. Haijafika nusu. Rectenwald akaondolewa.

Ikabaki raundi ya saba: Chase Oliver dhidi ya "Hakuna kati ya hawa".

Fikiria hali hiyo. Mgombea amebaki peke yake, na bado anaweza kushindwa. Watu wa Rectenwald wengi wakaenda kwenye "Hakuna", wakiona afadhali chama kikose mgombea kuliko kuwa na huyu. Matokeo: Oliver kama asilimia 60, "Hakuna" zaidi ya asilimia 36. Zaidi ya theluthi moja ya ukumbi haikumtaka mtu aliyeshinda.

Mgombea mwenza anachaguliwa kivyake

Kwa vyama vikubwa, mgombea urais anamtaja mwenza wake na mkutano unapiga makofi. Libertarian wanapiga kura upya kwa nafasi hiyo, raundi zilezile, "Hakuna" ileile. Mwaka 2024 akapatikana ter Maat.

Wakati mwingine wamejutia. Mwaka 2016 Gary Johnson alimtaka Bill Weld, gavana wa zamani wa Massachusetts, aliyehamia Libertarian mwezi huohuo wa uteuzi. Wajumbe wakanung'unika: huyu juzi tu alikuwa Republican. Johnson akawaomba sana, na Weld akapita kwa upenyo mwembamba katika raundi ya pili. Siku chache kabla ya uchaguzi, Weld akaonekana kwenye televisheni akimsifu Hillary Clinton. Mwaka 2019 akarudi Republican. Mkutano huohuo wa 2016 ndio ambao mgombea mmoja wa uenyekiti alivua nguo jukwaani akabaki na chupi, huku televisheni ikirusha moja kwa moja. Uhuru wa mtu binafsi, walisema.

Mwaka 1980 hesabu ilikuwa nyingine kabisa. Sheria ya Marekani inaweka kikomo kwa mtu kumchangia mgombea, ila mgombea mwenyewe anaweza kutumia fedha zake bila kikomo. David Koch alikuwa tajiri mkubwa. Akachaguliwa mgombea mwenza wa Ed Clark, akaigharamia kampeni yake mwenyewe, na chama kikavuka asilimia 1 kwa mara ya kwanza.

Wanagombania nini, kama ushindi haupo?

Swali hili ndilo la msingi, na jibu lake ni nafasi kwenye karatasi ya kura.

Marekani haina tume moja ya uchaguzi inayopitisha majina ya wagombea nchi nzima. Kila jimbo lina sheria zake. Chama kidogo kinatakiwa kukusanya saini, au kiwe kilipata kiwango fulani cha kura uchaguzi uliopita. Ukifikisha, umepumzika hadi uchaguzi ujao. Usipofikisha, mnarudi barabarani na kalamu na makaratasi, na kukusanya saini ni gharama.

New York ni mfano mchungu. Mwaka 2020 jimbo hilo lilipandisha kiwango hadi kura 130,000 au asilimia 2, lolote lililo kubwa, na saini za mgombea asiye na chama kinachotambuliwa zikatoka 15,000 hadi 45,000. Jorgensen hakufikisha. Chama kikapoteza hadhi yake, na mwaka 2024 jina la Oliver halikuwemo kwenye karatasi za New York. Chama kilichokuwa kwenye majimbo yote 50 mwaka 2016 na 2020 kikashuka hadi 47.

Kwa hiyo mgombea wa Libertarian haendi kutafuta Ikulu. Anaenda kutafuta asilimia 1 hapa, asilimia 2 kule, ili mgombea udiwani au ubunge wa chama chake miaka miwili ijayo asianze na saini sifuri. Na juu ya hapo kuna asilimia 5 ya kitaifa, ambayo ingekipa chama ruzuku ya serikali kuu kwa uchaguzi unaofuata. Johnson mwaka 2016 ndiye aliyeikaribia zaidi.

Hapo unaelewa pia Kennedy alifuata nini. Mgombea binafsi alikuwa anahangaika na saini jimbo kwa jimbo. Libertarian walikuwa na nafasi hizo tayari mkononi. Uteuzi wao ni tiketi iliyokwisha lipiwa, na ndiyo mali pekee kubwa waliyonayo.

Ukishinda ukumbini bado hujamaliza

Oliver aliligundua hilo haraka. Majina ya wagombea hupelekwa kwa mamlaka za jimbo, na baadhi ya viongozi wa chama majimboni hawakumtaka. Julai 2024 uongozi wa Libertarian Colorado, palepale chama kilipozaliwa, ulitangaza kuwa utampeleka Kennedy badala yake. Maofisa wa kitaifa wakagombana wao kwa wao kuhusu nani ana haki ya kusaini fomu za Oliver. Mwishowe karatasi za Colorado zikatoka na jina la Oliver. Kennedy mwenyewe Agosti 23 alisimamisha kampeni yake na kumuunga mkono Trump.

Novemba Oliver alipata kura takriban 650,000, kama asilimia 0.4. Jorgensen mwaka 2020 alikuwa amepata karibu milioni 1.9. Wapinzani wake ndani ya chama walisema yeye ndiye tatizo. Watu wake wakasema tatizo ni uongozi uliomfungulia Trump mlango na kisha kumtelekeza mgombea wake mwenyewe. McArdle alijiuzulu uenyekiti Januari 2025.

Lakini kuna ahadi moja Trump aliitoa katika ukumbi ule, na hiyo haikuzomewa. Alisema angemtoa gerezani Ross Ulbricht, mwanzilishi wa soko la mtandaoni la Silk Road, aliyekuwa anatumikia kifungo cha maisha na ambaye Libertarian wamempigania kwa miaka mingi. Wajumbe walikuwa wameshika mabango ya kudai aachiwe. Januari 21, 2025, siku ya pili ya urais wake, Trump alitia saini msamaha, na Ulbricht akatoka baada ya zaidi ya miaka 11 kifungoni.